Kilichobaki Juu ya Chekeche

Kwa, kwa… kwa.

Mapigo matatu ya kiganja kwenye ukingo wa chekeche, la tatu dogo kuliko wenzake, kama mtu aliyebisha hodi mara mbili kisha akaona haya. Hivyo ndivyo mama mmoja alivyokuwa akichekecha unga uani. Na hivyo ndivyo binti yake wa mwisho, miaka arobaini baadaye, alivyokuwa akichekecha matope makavu katika maabara ya maji, kavaa koti jeupe na miwani iliyofungwa uzi nyuma ya shingo. Hakuna aliyemfundisha kupiga hivyo. Mkono ulirithi wenyewe, bila kumuuliza.

Mama alikuwa na neno lake. Unga ukishashuka wote, watoto wakitaka kuyapuliza makapi yaliyobaki juu wayaone yakiruka, aliwazuia: "Acheni hapo. Kilichobaki juu nacho kina mwenyewe." Mwenyewe walikuwa kuku. Lakini mtoto hukua na neno bila kujua lina kazi gani, kama mtu anayetembea na ufunguo wa nyumba ambayo hajawahi kuiona.

Kazini walimwita Bi Safi. Jina lilianza kama utani, likazeeka, likawa jina kamili. Hata kwenye orodha ya zamu liliandikwa hivyo. Aliingia maabara ile akiwa na miaka kumi na tisa, si kwa koti bali kwa ndoo na brashi, muosha chupa. Wiki ya tatu mkuu wa wakati ule alitoka na chupa mkononi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akauliza kwa ukali, "Hizi zimeoshwa na nani?"

Msichana akajua kibarua kimeota nyasi. "Na mimi," akajibu, macho chini.

"Basi zote ziwe hivi. Na wewe njoo huku nikuonyeshe mizani."

Tangu siku hiyo alipanda ngazi kwa kukisafisha kila kipago kabla ya kukikanyaga. Akajifunza kupima, kukausha, kusaga, kuandika namba saba kwa mstari katikati ili isifanane na moja. Miaka thelathini haikurudishwa sampuli yake hata moja kwa uchafu. Wengine hujivunia watoto, wengine nyumba. Yeye alijivunia mikono yake, na hakuona sababu ya kuficha. Basi usafi huohuo ndio uliokuja kumtia matatani.

Mto wa mji ule hufika baharini kwa uvivu. Kabla ya kuingia hupanuka, hujigawa, huizunguka mikoko, na maji yakipwa huacha uwanja mpana wa matope ambamo wanawake huchimba kombe, wale wa maganda mawili yanayofumba kama ngumi ya mtoto. Kwa misimu miwili kombe hao walikuwa wakifa. Ukichimba shubiri moja unakutana na tope jeusi linalonuka yai viza, na kombe wameachama, watupu. Chini mle kulikuwa na kitu kinachooza na kuwanyima pumzi. Swali likawa moja tu: kinachooza kimetoka wapi?

Washtakiwa walikuwa watatu. Miti ya bara, inayodondosha majani mtoni. Bahari, inayoleta mwani kila maji yanapojaa. Na kiwanda cha sukari kule juu, ambacho maji yake ya kuoshea hushuka mtoni kwa mfereji. Kiwanda kilikuwa kimeomba ruhusa ya mfereji wa pili, na huo ungemwaga palepale kwenye uwanja wa kombe. Ofisi ya maji ikasema: kwanza tujue. Uozo ukiwa wa bahari, mfereji uchimbwe. Ukiwa wa kiwanda, usichimbwe, na ule wa zamani ufungwe hadi mabwawa ya kutuliza taka yajengwe.

Jambo hilo halijulikani kwa pua wala kwa macho. Kila mmea hujenga mwili wake kwa kaboni, na kaboni ina ndugu wawili, mmoja mwepesi na mwingine mzito kidogo. Mti hupenda zaidi yule mwepesi. Muwa haubagui sana. Mwani wa baharini uko katikati yao. Mmea ukifa, ukaoza, ukasagika hadi usitambulike, uwiano wa ndugu hao hubaki ndani yake, kama lafudhi ya mtu aliyehama kwao zamani. Mashine ya maabara huisoma lafudhi hiyo na kutoa namba, zote chini ya sifuri: miti ishirini na nane, muwa kumi na mbili, mwani ishirini na moja hivi.

Bi Safi alichota tope kwa boti, maji yakiwa yamejaa, kwenye vijiti kumi na viwili vya alama, mara tatu kila kijiti. Akalikausha. Akaokota maganda na vijizizi kwa kibano kama mwongozo wa kazi ulivyoagiza. Akachekecha, akasaga, akaosha kwa asidi, akapima. Namba zikatoka: ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini. Bahari. Mkuu wa sasa, waliyemwita Daktari, mtu mpole mwenye haraka zake, akaandika ripoti ya kurasa arobaini, na kwenye ukurasa wa pili akaweka sentensi ambayo Bi Safi aliisoma mara nne kwa siri kama barua ya uchumba: sampuli zilisafishwa kwa uangalifu wa hali ya juu kabisa.

Ripoti ingesomwa kikaoni Alhamisi, saa tatu asubuhi. Kulikuwa na jambo moja ambalo Bi Safi hakulisema pale maabara, mwanzo kwa kutoona umuhimu wake, baadaye kwa kuuona mno. Kati ya wanawake waliochimba kombe kwenye uwanja ule, wa kwanza kushuka na wa mwisho kupanda alikuwa dada yake, wa baba mmoja mama mmoja.

Jumatano asubuhi Daktari alimtuma kwa miguu, maji yamepwa, akapige picha za vijiti ili zionyeshwe kikaoni. Alishuka ukingoni na kamera shingoni, mguu mmoja ukizama kila mwingine ulipotoka.

"Haa! Leo serikali imeshuka kwa miguu," sauti ikamfikia. Dada yake alikuwa ameinama, kitambaa cha kijani kichwani, hakuinua mgongo. "Na gambuti nyeupe! Umekuja kuchimba au kuolewa?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kanyaga nyuma yangu. Hapo ulipo utazama hadi kiunoni, na mimi leo sina mgongo wa kumvuta mtu."

Dada alimzidi miaka kumi na mmoja. Mama alipofariki, dada ndiye aliyeshika jembe fupi na kapu, na matope haya ndiyo yaliyomfikisha mdogo wake darasa la mwisho akiwa na viatu. Hakuwahi kumkumbusha hata siku moja. Laiti angemkumbusha! Deni linalotajwa hupungua. Lile lisilotajwa hukaa mgongoni kama mtoto aliyelala.

Kapuni mlikuwa na kombe saba. Miaka miwili nyuma, kwa saa ile, lingekuwa limejaa.

"Kesho mnasema nini?" dada akauliza.

"Ripoti hairuhusiwi kusemwa kabla ya—"

"Sijaiuliza ripoti. Nimekuuliza wewe."

Maji yaliyobaki kwenye vidimbwi yalikuwa yametulia, yakionyesha mbingu vipandevipande. "Bahari," Bi Safi akasema. "Namba zinasema bahari, dada."

Hapo dada akanyoosha mgongo. Hakukasirika, ingekuwa nafuu. "Bahari," akarudia taratibu, kama mtu anayeonja chakula kilichoharibika. "Mimi na bahari hii tunajuana tangu wewe hujaota meno. Bahari ikileta kitu, hurudi kukichukua. Hiki mbona hakichukuliwi?" Akachoma jembe, akainua tope gao moja, akalisuuza dimbwini. Kiganjani zikabaki nyuzi nyeusi, laini, kama nywele zilizolowa.

"Hivyo ni vijizizi vya mikoko," Bi Safi akasema. "Mimi huvitoa vyote."

"Vijizizi!" Dada akacheka, akawageukia wenzake waliokuwa wakichimba karibu. "Jamani, msikieni msomi wangu! Mzizi, mdogo wangu, unang'ang'ania. Ukiuvuta, nao unakuvuta. Hivi vinakuja vyenyewe kama uzi uliokatika. Na mkoko wenyewe uko wapi hapa? Mzizi utoke kule ng'ambo utembee mpaka huku, unakuja kusalimia?"

Wanawake wakacheka hadi mmoja akashika kiuno. Bi Safi hakucheka. Alichukua nyuzi mbili tatu, akazivuta kwa kucha. Mzizi huwa na matawi, hata uwe mdogo kama unywele. Hizi hazikuwa na tawi. Zilinyooka, na ncha zote mbili zilikuwa zimechanika kama kitu kilichotafunwa. Yeye na dada yake walikuwa wakikaa kizingitini wakitafuna miwa na kutema makapi miguuni, na mama akiwafokea kwa uchafu. Makapi yale yakilala mvuani wiki mbili huwa meusi hivi. Huwa laini hivi.

Dada alikuwa ameacha kucheka. Alimtazama mdogo wake namna alivyokuwa akimtazama zamani akiwa na homa.

"Kama unavitoa vyote," akauliza, "basi huwa unapima nini?"

Chini ya sinki la maabara, nyuma ya chupa za asidi, palikuwa na kisanduku cha mbao. Ndani yake vichupa thelathini na sita, kila kimoja na karatasi yake: namba ya kijiti, tarehe, na neno "masalio". Mwongozo haukumwagiza aviweke. Wenzake walimtania kwamba siku atakapostaafu itabidi lori lije kubeba takataka zake. Yeye mwenyewe hangeweza kueleza kwa nini aliweka. Mkono tu ulikataa kutupa, kama ulivyokataa kupiga chekeche mapigo mawili.

Alivipanga mezani, akawasha mizani, akaanza kupima. Vijiti vya upande wa bahari havikuwa na kitu cha kutisha. Cha tano kikamfanya avue miwani, aifute, asome upya. Cha saba kilimfanya akae. Alichokitoa pale kwa kibano na chekeche kilikaribia theluthi moja ya tope lote kavu. Theluthi moja! Aliitoa punje kwa punje, siku baada ya siku, akiimba mdomoni, akijisifu kwa utaratibu wake, na hakuwahi hata mara moja kuiweka kwenye mizani. Kilichopelekwa mashineni ni vumbi laini lililobaki, na vumbi hilo kweli lilikuwa la bahari. Namba hazikusema uongo. Zilijibu zilichoulizwa.

Kwenye hadubini nyuzi zile zilionyesha vishimo vilivyopangana kama matofali ya ukuta mzuri. Akaweka pembeni mzizi halisi wa mkoko. Haukufanana nazo hata kidogo.

Saa tisa na nusu alasiri alikuwa mlangoni kwa fundi wa mashine, mwanamume wa makamo mwenye kitambi na utani usiokauka, ameshika vikombe vitatu vya bati, vidogo kama punje za mchele, vilivyokunjwa na kujazwa masalio yaliyosagwa.

"Bi Safi! Maandishi haya ya nini? Masalio? Mashine yangu haili jalala."

"Leo itakula. Vitatu tu."

"Saa hizi? Mwenzio nilishaanza kuiaga."

"Kaka, tafadhali."

Miaka yote ile hakuwahi kumwita kaka. Fundi alimtazama, akavuta kiti, akakaa.

Mashine huonjeshwa kwanza kitu ambacho namba yake inajulikana, ili ijulikane kama leo imeamka vizuri. Fundi alikuwa akitumia sukari ya miwa. Ikasoma kumi na nukta nne, kama ilivyopaswa. Kisha kikombe cha kwanza kikadondoka. Dakika kumi. Feni ikavuma. Bi Safi alisimama mikono nyuma, akivibana vidole vyake kimoja kimoja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliomba sampuli yake iwe chafu, kisha akaomba isiwe, maana ikiwa hivyo basi miaka thelathini ya mikono hii itasimuliwa upya.

"Kumi na mbili na nukta tisa," fundi akasoma. Akageuka. "Umechanganya na sukari yangu?"

"Sijaigusa sukari yako."

Cha pili: kumi na tatu na nukta moja. Cha tatu: kumi na mbili na nukta sita. Fundi hakutania tena. Alichapa karatasi, akampa kwa mikono miwili.

"Hawa ni ndugu wa sukari yangu," akasema. "Ndugu wa damu."

Daktari alimsikiliza amesimama, begi begani. Alipoziona zile namba tatu akakaa. Alipoiona orodha ya mizani akaliweka begi chini.

"Mwongozo unasema toa mizizi," akasema.

"Sikutoa mizizi, Daktari. Nilitoa nilichodhani ni mizizi."

"Huo mwongozo uliandikiwa tope la mto mwingine…" Akajisugua macho. "Sikiliza, mama. Ukisimama na hili kesho, ripoti yote inaanguka, na wewe chini yake. Wataandika kwamba maabara hii haijui tofauti ya mzizi na kapi. Tuisome kesho kama ilivyo. Halafu mwezi ujao tutoe ya nyongeza, tukiwa tumepima vichupa vyote thelathini na sita. Kwa utulivu."

"Mwezi ujao mfereji utakuwa unatiririsha maji."

"Hujui."

"Makatapila yameshaletwa, Daktari. Yapo pale darajani tangu Jumatatu. Nimeyapita leo, dereva amelala kwenye kijiko."

Daktari akatazama dirishani kama aliyetarajia kuyaona. Bi Safi alikuwa na neno moja limebaki, na aliona bora litoke sasa. Mficha uchi hazai.

"Kuna lingine. Dada yangu anachimba kombe pale."

"Dada yako gani?"

"Dada yangu wa tumbo moja. Ndiye aliyenilea."

"Na siku zote hizi hukusema."

"Sikusema."

Daktari hakupandisha sauti. "Basi ndiyo ufunge mdomo kabisa. Leo una kosa. Kosa husameheka. Kesho, kwa ajili ya huyo dada, watakuambia una uongo. Nani atakuamini wewe? Mimi mwenyewe, kama nisingeiona mizani, ningekuamini?"

Alikuwa na haki, na hapo ndipo palipouma. Ukweli ungetoka kinywani mwake ukiwa umevaa nguo za upendeleo. Akinyamaza, angebaki Bi Safi, na dada angebaki bila uwanja. Akisema, huenda wote wawili wakakosa.

Daktari akainua begi lake. Mlangoni akasimama, bila kugeuka. "Ripoti naisoma mimi. Wewe utafanya utakavyoona."

Ukumbi wa ofisi ya maji ulikuwa na viti vya plastiki, meza ndefu yenye kitambaa cha bluu, na feni mbili ambazo moja ilizunguka. Mwenyekiti wa kikao alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti nzito, aliyeweka saa yake ya mkono mezani mbele yake ili kila mtu aione. Kulia alikaa mwanasheria wa kiwanda, tai nyembamba, kalamu mbili. Nyuma kabisa, karibu na mlango, walikaa wanawake wa kombe, ndio walalamikaji, wamevaa nguo zao nzuri, na katikati yao kitambaa cha kijani.

Bi Safi alikaa pembeni, kisanduku kati ya miguu yake. Kila alipohema aliona kama vichupa vinagongana. Dada yake hakumpungia mkono. Bi Safi alikuwa amemwomba ajifanye hamjui.

Daktari alisoma. Alisoma haraka, haraka kuliko kawaida yake, na alipofika kwenye sentensi ya ukurasa wa pili alikohoa, akairuka. Ni mtu mmoja tu ukumbini aliyejua kilichorukwa. Akamaliza: chanzo kikubwa cha uozo kinaonekana kuwa bahari. Mwanasheria akaandika kitu kifupi na kukipigia mstari.

"Kuna mwenye nyongeza?" Mwenyekiti akaitazama saa yake. "Kama hakuna—"

Bi Safi hakukumbuka kuamua kusimama. Alijikuta tu magoti yamenyooka.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ndiye niliyesafisha sampuli. Na kabla sijasema, yule mama pale nyuma, mwenye kitambaa cha kijani, ni dada yangu. Baba mmoja, mama mmoja. Ilinipasa niseme tangu mwanzo na sikusema."

Vichwa vikageuka nyuma, vikarudi mbele. Kalamu ya mwanasheria ikaanza kazi. Dada aliinamisha uso, mikono mapajani.

"Kwenye tope mlikuwa na nyuzi nyeusi," Bi Safi akaendelea. "Nilizidhania mizizi nikazitoa, zote. Mimi hutoa vizuri. Si mizizi. Ni makapi ya miwa. Kwenye kijiti cha saba ni theluthi moja ya tope. Kilichosomwa na mashine ni kile kilichobaki baada ya mimi kuyatoa. Kwa hiyo ripoti imesema kweli juu ya kitu ambacho si tope la pale. Kosa ni la mkono wangu. Si la Daktari."

Mwanasheria alisimama bila haraka, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa, shahidi huyu ametuambia mambo mawili: kwamba ameharibu kazi, na kwamba ana dada. La tatu sina haja ya kuuliza."

Watu wakacheka. Hata mmoja wa wazee wa meza ya mbele alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Lakini nitauliza hata hivyo," mwanasheria akasema. "Anatuambia ukweli wote ulikuwa kwenye kile alichokitoa. Vizuri. Kazi hii ilifanyika mwaka jana. Ukweli huo basi uko jalalani tangu mwaka jana. Leo tunaombwa tusimamishe ujenzi kwa sababu ya kitu kisichokuwapo, kwa neno la ndugu wa mlalamikaji. Tupime nini, mheshimiwa? Hewa?"

Mwenyekiti akamgeukia Daktari. "Ulilijua hili?"

Daktari alikuwa amevua miwani. Bila miwani uso wake ulionekana mdogo. "Tangu jana jioni."

"Na ukatusomea hiyo ripoti?"

"Nikaisoma." Akaivaa miwani tena. "Mizani niliiona kwa macho yangu, mheshimiwa. Anachosema kuhusu uzito ni kweli."

Mnong'ono ukapita viti hadi viti. Mwanasheria akanyanyua mkono, mwenyekiti akaushusha kwa jicho. Kisha akaiondoa saa yake mezani, akaivaa, akamtazama Bi Safi kwa muda ambao ungetosha kusuka ukili.

"Mama. Nijibu jambo moja, na unijibu sawasawa. Hizo takataka ulizozitoa, ziko wapi?"

Bi Safi aliinama. Kisanduku kilikuwa chepesi, lakini alikiinua kwa mikono miwili kama mtu anayeinua mtoto aliyelala. Akapita katikati ya viti, akakiweka juu ya kitambaa cha bluu, akafungua kifuniko. Vichupa thelathini na sita, mistari sita ya sita sita, kila kimoja na karatasi yake, namba yake, tarehe yake, na kila namba saba ina mstari katikati. Nyuma kabisa dada yake alikuwa amesimama, amesahau kwamba hamjui.

Mikono ya Bi Safi ilibaki ukingoni mwa kisanduku. Na aliposema, alisema kwa sauti ndogo mno, hata mwandishi wa kikao akasimamisha kalamu na kuinama mbele ili amsikie:

"Sikuzitupa."